Mguu Ubaki au Ukatwe: Hesabu ya Wagonjwa 43

Sarkoma ya paja, yaani saratani inayoanzia kwenye nyama laini za mwili, humhadaa mpasuaji. Uvimbe ukikua huisukuma nyama iliyouzunguka na kuibana mpaka inageuka ganda jembamba. Daktari akilifikia ganda hilo, kidole kinapita bila shida na uvimbe unachomoka mzima kama kokwa la parachichi lililoiva. Jeraha linashonwa, kazi inaonekana imekwisha. Kumbe ganda lenyewe lina seli za saratani, na nyingine zimeshavuka upande wa pili. Waliopasuliwa kwa mtindo huo, wengi wao uvimbe uliwarudia palepale.

Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari wengi waliona heri kukata kiungo. Sarkoma ya juu ya paja ilimaanisha kuondoa mguu wote kuanzia nyongani. Kiungo kikishaondoka, ni nadra uvimbe kurudi palepale, na hilo halina ubishi. Ila mgonjwa wa sarkoma kwa kawaida hauawi na uvimbe wa pajani. Humuua seli zilizosafiri kwa damu hadi mapafuni, na hizo huenda ziliondoka kabla kisu hakijagusa ngozi. Je, kukata mguu kunazifikia?

Steven Rosenberg na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, huko Bethesda, walilipima swali hilo kati ya Mei 1975 na Aprili 1981. Wagonjwa 43 wenye sarkoma kali za mikono na miguu waligawanywa kwa kura: 16 wakakatwa kiungo, 27 wakaondolewa uvimbe kiungo kikabaki, kisha wakapigwa mionzi. Wote walipewa pia dawa za kemo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982. Waliobakiziwa kiungo, uvimbe uliwarudia palepale wanne. Waliokatwa, hakuna hata mmoja. Lakini makadirio ya walio hai baada ya miaka mitano yalikuwa asilimia 83 kwa waliobakiziwa na 88 kwa waliokatwa, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito.

Mtakwimu mkali hapa atakunja uso, na ana haki. Watu 43 hawatoshi kuthibitisha kwamba njia mbili zinalingana. Wanatosha kuonyesha tu kwamba pengo kubwa halikuonekana. Mimi naona hoja ilikuwa na nguvu kuliko ukubwa wa jaribio, kwa sababu anayetaka kumwondolea mtu mguu ndiye anayepaswa kuleta ushahidi kwamba mguu huo unanunua uhai. Ushahidi huo haukupatikana.

Katika takwimu zao mlikuwa na jambo jingine ambalo kwa mpasuaji lina thamani kuliko ile asilimia ya walio hai. Walipochambua nini kilichotabiri uvimbe kurudi, kilibaki kimoja tu: ukingo wa nyama iliyokatwa. Ukingo ukiwa na seli za saratani, uvimbe ulielekea kurudi hata mionzi ilipotumika. Kwa hiyo kinachoamua ni kama daktari amepita kwenye nyama nzima pande zote bila kuuona uvimbe wenyewe. Huondoa uvimbe ukiwa umefunikwa na misuli yenye afya, au na utando mgumu unaotenganisha misuli, ambao sarkoma huchelewa kuupenya. Penye mshipa mkubwa wa damu au wa fahamu hakuna nafasi ya ukarimu. Hapo huchubua ala ya mshipa na kuitoa pamoja na uvimbe. Mshipa wa damu uliozingirwa unaweza kukatwa na kuunganishwa upya kwa mshipa wa kupandikiza.

Hata sindano ya kuchukua kinyama cha kupima huingia katika mpango huo. Njia yake huchukuliwa kuwa imechafuliwa na seli, kwa hiyo hupitishwa mahali ambapo mpasuaji ataiondoa baadaye pamoja na uvimbe. Kinyama kikichukuliwa kwa kupasua, chale hufuata urefu wa kiungo. Chale ya kukingama huwalazimisha watakaofuata kuondoa ngozi nyingi zaidi, na hilo ni kosa linalofanyika kabla ugonjwa haujapata jina.

Mionzi nayo ilipimwa peke yake. Katika jaribio jingine la taasisi hiyohiyo, lililochapishwa mwaka 1998, wagonjwa 91 wa sarkoma kali waliobakiziwa kiungo waligawanywa kwa kura: kupata mionzi au kutopata. Mionzi ilipunguza sana uvimbe kurudi, na kwa mara nyingine idadi ya walio hai haikubadilika. Baadaye watafiti wa Kanada wakauliza mionzi itolewe lini. Katika ripoti yao ya mwaka 2002, waliopewa mionzi ya grei 50 (grei ni kipimo cha dozi) kabla ya upasuaji walipata matatizo ya jeraha kwa asilimia 35, dhidi ya 17 kwa waliopewa grei 66 baada yake. Hata hivyo vituo vingi hupendelea kuanza na mionzi, kwa kuwa dozi ni ndogo na kiungo hakikakamai sana miaka ikipita. Jeraha hupona; paja lililokakamaa halilegei.

Matarajio ya mgonjwa huongozwa na ukali wa seli chini ya darubini, ukubwa wa uvimbe, na kina chake. Uvimbe unaozidi sentimita 5, ulio chini ya utando wa misuli na unaoendelea kukua, haufai kupasuliwa kabla ya picha ya MRI na kinyama, hata kama hauumi. Kifua hupigwa CT scan mwanzoni, na mapafu huendelea kuchunguzwa kwa miaka. Vinundu vichache vinavyoonekana huko wakati mwingine huondolewa kwa upasuaji.

Kukata kiungo hakujafutwa. Hubaki kwa uvimbe uliomeza mishipa mikuu ya damu na ya fahamu kwa pamoja, uliopasuka na kuoza, au uliorudi kwenye nyama iliyokwisha kupigwa mionzi kiasi cha kutovumilia tena. Na mpango wote wa Bethesda ulisimama juu ya mashine ya mionzi. Mwenye sarkoma kali iliyo karibu na mshipa, anayetibiwa pasipo na mashine hiyo, hawezi kusomewa ile asilimia 83 kana kwamba ni yake.