Mtu Aliyesimamisha Dunia

Kila taifa lina hadithi ya mtu aliyepewa uwezo wa kutamka neno moja na neno lile likawa. Mara nyingi tunajua mapema nani ataanguka: ni mwenye choyo. Mfalme Midas wa Wayunani aliomba kila akigusacho kiwe dhahabu, na mkate wake ukawa dhahabu kinywani. Msomaji hucheka, husema, "Amestahili", kisha hufunga kitabu kwa amani, maana yeye hajioni kuwa mchoyo.

Hadithi ninayotaka kuieleza hapa haitupi amani hiyo. Iliandikwa na Mwingereza H. G. Wells, ikatolewa mwaka 1898, nayo yahusu mtu aliyeweza kutenda miujiza. Maangamizi yake yaletwa na watu wawili wenye nia njema kabisa. Ndiyo sababu naona yafaa isomwe na sisi watu wa Katanga na Lualaba, katika siku hizi ambapo dunia nzima yataka nguvu za umeme zilizo safi, na yaja kuzitafuta chini ya miguu yetu.

HADITHI YENYEWE

Bwana Fotheringay ni karani, mtu wa kawaida, asiyeamini miujiza. Jioni moja alikuwa katika kilabu cha pombe akibishana. Ili kuwaonyesha wenzake maana ya neno muujiza, aliiambia taa ya mafuta igeuke juu chini na iendelee kuwaka. Taa ikageuka, ikawaka. Yeye mwenyewe alishangaa kuliko wote. Na aliposhindwa kuishikilia tena kwa mawazo, taa ikaanguka, ikazimika.

Tangu hapo alianza kujifunza uwezo wake kidogo kidogo. Siku moja, kwa hasira, alimtuma polisi kuzimuni. Kisha akaona huruma, akamhamishia San Francisco. Dhamiri ilipomsumbua akaenda kwa pasta mmoja, jina lake Maydig, kuomba shauri. Pasta huyu ni mtu mwema, na mara moja aliona mema mengi yawezayo kutendwa. Usiku ule ule wawili hao wakatoka. Wakawaongoa walevi, wakageuza pombe kuwa maji, wakakausha bwawa, wakatengeneza udongo mbaya na njia za reli. Ikafika saa tisa ya usiku. Karani akakumbuka kwamba asubuhi kazi yamngoja. Wema uliobaki ulikuwa mwingi, na usiku ulikuwa mfupi. Ndipo pasta akaonyesha mwezi kwa kidole, akamtaja Yoshua. Karani akasita, pasta akamtuliza, akimwambia kwamba jambo hilo halimdhuru mtu. Basi karani akaiamuru dunia iache kuzunguka.

Dunia ikaacha. Lakini vitu vilivyo juu yake havikuamriwa kuacha. Nyumba, watu, miti, maji, vyote viliendelea na mwendo viliokuwa nao, vikarushwa, vikapondwa. Karani peke yake alipona, kwa kuwa alijitakia kushuka salama. Katikati ya upepo na vumbi akataka jambo moja la mwisho: uwezo wake umtoke, na mambo yote yarudi kama yalivyokuwa kabla taa haijageuka. Ikawa hivyo. Hadithi yaisha pale ilipoanza: karani yuko kilabuni, abisha kwamba miujiza haiwezekani, wala hakumbuki lolote.

YANAYOSIFIWA NA YANAYOLAUMIWA

Wells hakuwa rafiki wa Kanisa. Mwaka 1943 alitoa kitabu kizima cha kulishambulia. Lakini hadithi hupimwa kwa ukweli ulio ndani yake, na hii inao.

Kwanza, msingi wake ni elimu ya kweli, maana Wells alikuwa amesomea sayansi London. Sisi tunaokaa Kolwezi au Lubumbashi tunachukuliwa na dunia kuelekea mashariki kwa mwendo upitao kilomita 1,600 kwa saa. Hatuusikii, kwa sababu vyote vilivyo karibu nasi vyaenda pamoja nasi. Kosa la karani, mwalimu wa shule angeliita kosa la sarufi: aliitaja dunia, akasahau kuwataja waliomo.

Pili, Wells ameweka neno zito kuliko yote katika kinywa cha mtu mwema. Pasta asema kwamba hakuna atakayedhurika, naye hasemi uongo. Ametazama mwezi, hakutazama chini. Wahenga wa pwani walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulio juu ya kichwa cha mwingine waonekana mwepesi kila mara, na anayeutazama kwa mbali aweza kuapa kwa moyo safi kwamba hauna uzito.

Hata hivyo namlaumu Wells kwa mwisho wake. Baada ya kuiangamiza dunia, airudisha kwa sentensi moja, na kila mtu aendelea kunywa. Mwaka 1936 hadithi ilifanywa sinema, Wells mwenyewe akishiriki kuiandika, na humo pia kila kitu chafutwa na kuanza upya. Msomaji apumua, acheka. Lakini mchimbaji aliyefunikwa na udongo hafukuliwi kwa tamko la mwisho. Mwandishi aliyeona vizuri sana jinsi uwezo unavyodhuru, ameogopa kutuachia hasara mikononi.

KITABU CHA MWAKA 1914

Nadhani Wells mwenyewe alijua kwamba bado anadaiwa, kwa maana miaka kumi na sita baadaye aliandika kitabu kingine, "The World Set Free". Humo hakuna muujiza. Kuna mtaalamu anayefungua nguvu zilizofichwa ndani ya atomu, na watu wapata nguvu nyingi, rahisi, zisizohitaji makaa ya mawe. Ni ile tamaa moja kubwa imetimizwa. Angalia basi anachoonyesha Wells: machimbo ya makaa yakosa thamani, na wachimbaji kwa mamilioni watupwa nje ya kazi. Kisha vita yaja, na nguvu ile ile yawa bomu. Safari hii hakuna wa kuyarudisha mambo nyuma. Kwa ufundi wa kusimulia, kitabu hiki ni dhaifu kuliko hadithi ya karani. Chahubiri mno, na watu wake hawakai moyoni. Kwa ukweli, chaishinda.

Tena chatugusa sisi. Mwanasayansi Leó Szilárd alikisoma mwaka 1932, na yeye ni mmoja wa wale waliofungua njia ya bomu la kweli. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi hiyo ilitoka Shinkolobwe, hapa Katanga. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani lilianguka Hiroshima. Wells akafa mwaka uliofuata. Wachimbaji wa Shinkolobwe walikuwa wamebeba mawe yale bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini.

TAMAA YA SIKU HIZI

Tamaa ya leo ni njema, nami nataka lieleweke hilo kabla sijasema zaidi. Moshi wa makaa ya mawe na wa mafuta unaharibu hewa na kupasha dunia joto. Kwetu, misitu ya miombo inayozunguka Lubumbashi yakatwa mwaka hata mwaka kwa ajili ya makala, na mama apikaye ndani ya nyumba ndogo avuta moshi huo pamoja na watoto wake. Asemaye kwamba umeme safi ni mchezo wa matajiri hajaingia jikoni mwa maskini.

Lakini sikiliza jinsi tamaa hiyo inavyotamkwa: magari yote yaende kwa batri, moshi ukome! Batri nyingi za magari hayo zahitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kama saba katika kumi, yachimbwa katika nchi yetu, kwa mashine kubwa na kwa mikono pia. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo hapo Kolwezi, kobalti ilionekana chini ya nyumba ya mtu. Punde si punde watu walichimba mashimo ndani ya viwanja vyao, chini ya sakafu za vyumba walimolala. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International pamoja na lile la Kikongo la Afrewatch walitoa taarifa juu ya watoto waliokuwa wakiokota, kuosha na kubeba mawe hayo. Tarehe 27 Juni 2019, katika mgodi mmoja karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka ukaua watu zaidi ya arobaini. Anunuaye gari safi mbali huko hakumtakia mabaya mmoja wao. Ametazama mwezi tu, kama yule pasta.

Wengine watajibu: basi, zitengenezwe batri zisizo na kobalti. Zimekwisha kutengenezwa, na zaongezeka. Hapo soma tena kitabu cha mwaka 1914. Mchimbaji aliyeacha shamba lake ili kufuata kobalti atakula nini siku kobalti itakapokosa mnunuzi? Mwezi wa Februari 2025 Serikali yetu ililazimika kusimamisha kwa muda kupeleka kobalti nje, kwa sababu ilikuwa nyingi mno sokoni na bei imeanguka. Kwa hiyo mtu yule yule aweza kudhurika mara mbili: mara ya kwanza anapotakiwa, mara ya pili anapoachwa.

Tusidhani kwamba kosa hili ni la wageni peke yao. Maporomoko ya Inga hayatoi moshi. Bwawa la kwanza lilianza kazi mwaka 1972, na la pili mwaka 1982. Mwaka huo huo wa 1982 ukamalizika waya mkubwa, urefu wake kama kilomita 1,700, uliojengwa kwa mikopo ili kuleta umeme kutoka Inga hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi ya shaba. Umeme wake ni wa aina isiyoweza kugawanywa njiani ila kwa mitambo ya gharama kubwa. Basi ulipita juu ya vijiji bila kuacha hata mwanga wa taa moja. Wenyeji wakaendelea kukata kuni chini ya nguzo zake. Na hadi leo, katika nchi hii yenye maji mengi hivi, kama mtu mmoja tu katika watano ndiye apataye umeme. Waliopanga kazi ile walikuwa wenye nchi, nao walitaja migodi; vijiji havikutajwa.

NENO LA KUOMBA

Katika Maandiko mji wa Gibeoni watajwa mara mbili kwa habari inayotuhusu. Juu ya Gibeoni Yoshua aliliambia jua lisimame. Na huko huko Gibeoni, miaka mingi baadaye, Solomoni aliambiwa katika ndoto aombe atakalo. Wells amemchukua wa kwanza, akamsahau wa pili. Nami naona hasara, kwa kuwa ombi la Solomoni ni jibu kwa karani wake. Solomoni aliomba moyo wa kusikia, apate kuwahukumu watu kwa haki. Waliokuwa chini yake wamo ndani ya ombi lenyewe. Hata hivyo Maandiko hayafichi kwamba mfalme huyo huyo baadaye aliwatwika watu kongwa zito, hata walimlilia mwanawe Rehoboamu awapunguzie. Kuomba vema siku moja hakutoshi; kusikia hakuna mwisho.

Wanaosoma Kiingereza au Kifaransa nawashauri waitafute hadithi ya karani. Ni fupi, na yachekesha. Tena nina shauri moja kwa walimu wenzangu. Mara nyingi twawapa wanafunzi insha hii: "Kama ningekuwa na uwezo wote, ningetaka nini?" Nao huandika hospitali, barabara, umeme kila kijiji. Tuwaache waandike hivyo, ni vizuri. Lakini tuongeze sharti: kila mwanafunzi ataje watu watano watakaoguswa na tamaa yake, mmoja wao awe mtu ambaye hajapata kumwona, na aeleze kila mmoja atalipa nini na atalipwa nini. Wachache watamaliza ukurasa bila kubadili tamaa yao. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu hivyo, siku atakapoketi katika ofisi ambamo hutiwa sahihi mikataba ya migodi na mabwawa, huenda akauliza waya utapita juu ya nyumba za nani.