Namba ya Saa Tatu Asubuhi

Mjomba wangu, mvuvi wa Msambweni, hakugusa kamba ya ngalawa kabla ya kusimama kwanza mchangani. Alitazama upande wa Pemba, akasikiliza bahari inavyopiga mwambani, kisha akatamka neno: "Twende," au, "Leo bado." Ukimuuliza sababu, atakuambia wingu limelala au limesimama. Lililolala halina neno. Lililosimama kama mnara, kichwa kimetanuka juu, hilo lina upepo tumboni. Nami nilikua nikiamini kwamba elimu ya mawingu inaishia hapo, kwenye macho ya mzee mmoja na alfajiri moja.

Aliyenifungua macho ni Profesa Laban Ogallo, ingawa sikupata kukaa darasani kwake. Alifundisha meteorolojia Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongoza kituo cha kufuatilia ukame kilichoanzishwa jijini humo mwaka 1989, ambacho baadaye kiliingia chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, na leo kinaitwa ICPAC. Alikuwa pia miongoni mwa wanasayansi wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi lililotunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2007 pamoja na Al Gore. Ni heshima kubwa. Lakini mimi namsifu kwa ufundi wake wa kusema "huenda" kwa kipimo.

Mwaka 1988 alichapisha utafiti uliooanisha mvua za Afrika Mashariki na mabadiliko ya bahari na hewa huko Pasifiki, yale yanayokuja na El Niño. Maji ya mbali kiasi hicho yakipata joto, vuli yetu huelekea kuzidi. Waliokuwapo mwishoni mwa 1997 hawahitaji kuelezwa. Mwaka uliofuata, 1998, ndipo wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika walipoanza kukutana kabla ya msimu ili watoe utabiri mmoja kwa pamoja, na Ogallo alikuwa nguzo ya kazi hiyo.

Utabiri wenyewe hutengenezwa hivi. Chukua mvua za vuli za mahali pamoja kwa miaka 30, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uzigawe mafungu matatu: miaka 10 ya mvua haba, 10 ya wastani, 10 ya mvua nyingi. Asiyejua kitu atayapa mafungu yote nafasi sawa. Fundi huisoma bahari, akaongeza hapa na kupunguza pale, naye hathubutu kuongeza kuliko ushahidi unavyomruhusu. Mkulima wa Kinango angependa kuambiwa "itanyesha" au "haitanyesha", basi. Kumpa jibu hilo ni rahisi, tena kunampendeza. Ila likikosea, mbegu zake zimeoza au zimekauka. Ndiyo maana naiona ile "huenda" kuwa ni uaminifu.

Tena masika ni kaidi kuliko vuli. Bahari haiyatabiri vizuri hivyo, nasi wa pwani, ambao mvua yetu hufikia kilele mwezi Mei, ndio tunaoyategemea kwa mahindi.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo bora katika kazi yake. Yeye na wenzake walikwenda Bunyore, magharibi mwa Kenya, kwa wazee wa ukoo wa Nganyi wanaosifika kwa mvua, wakaketi nao kulinganisha dalili: maua ya miti na mienendo ya wadudu na ndege upande mmoja, takwimu upande wa pili, hadi ukapatikana utabiri ambao wanakijiji waliuona kuwa wao. Profesa hakuona haya kumsikiliza mzee wa msituni. Nafikiria wazee wa Kaya Kinondo hapa Diani, na manahodha wa Gazi na Vanga wanaoijua siku kusi inapogeuka. Nao wanastahili kuketi meza moja na wapima hewa.

Meza hiyo, hata hivyo, haisimami bila kipimamvua. Nimekishuhudia kikisomwa: saa tatu asubuhi maji yanamiminwa kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, msomaji anachuchumaa mpaka jicho lilingane na maji, anasoma pale uso wa maji ulipobonyea katikati wala si pembeni ulipopanda kwenye kioo, kisha anaandika. Siku ya jua kali anakwenda vilevile, anafungua, anakuta pakavu, anaandika sufuri. Ile miaka 30 ya Ogallo imejengwa kwa mikono ya namna hiyo.

Profesa alifariki mwaka 2020. Mwalimu unayesoma haya, kuanzia Lunga Lunga hadi Matuga, kama kipimamvua cha shuleni kwenu kimezingirwa na majani, kifyekeeni kesho. Na isiponyesha, andikeni sufuri.