Mji na Chungu: Juu ya Kuchagua Mahali kwa Ajili ya Chakula

Miongoni mwa vitabu vya safari iko aina imfundishayo msomaji kuchagua miji kwa kufuata ladha ya vyakula. Sanaa hiyo imestawi sana Hispania, ambako Dionisio Pérez alitoa mwaka 1929 kitabu cha mwongozo kilichoeleza mapishi ya nchi hiyo jimbo kwa jimbo. Waandishi wengi wa siku hizi wameufupisha mtindo huo, wakaunganisha jina la mji na jina la chakula kimoja, hata msomaji aonapo jina la Valencia hukumbuka paella kabla ya kukumbuka watu.

Maandishi ya namna hiyo hayasemi uongo, lakini macho yake ni mafupi. Paella ilitoka mashambani, katika mabonde ya mpunga yaliyo karibu na ziwa la Albufera, ambako wakulima walipika wali juu ya moto wa kuni pamoja na nyama ya sungura, kuku na maharage. Shamba ndilo lililozaa chakula. Mji ulikipa jina tu.

Mtindo huo ukiletwa mkoani Kagera, mwandishi atachagua Bukoba mara moja. Atasifu matoke, senene na buni za kutafuna, na sifa hizo ni za haki. Lakini akikomea hapo, atakuwa ameufanya mkoa mzima kuwa sahani moja, na wilaya za Biharamulo na Ngara zitabaki nje ya kitabu kana kwamba watu wake hawali.

Biharamulo ina ngome iliyojengwa na Wajerumani, na kwa sababu hiyo huenda ikatajwa katika habari za majengo. Katika habari za chakula hainenwi. Sababu yake ni kwamba ugali wa muhogo na dagaa waletwao kutoka Ziwa Victoria hauna jina geni la kumvutia msafiri. Tena wilaya hiyo ni makutano ya Wasubi, Wazinza na Wasukuma, na chungu cha makutano hakimilikiwi na kabila moja. Hata mipaka ya serikali haimsaidii mwandishi: Chato ilikatwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Mtu aulizaye chakula cha mkoa yampasa aeleze kwanza ni mkoa wa mwaka gani.

Ngara ni mtihani mgumu zaidi. Katika vilima vile, ambako Ruvubu huingia Kagera, Wahangaza na Washubi hupika ndizi na maharage, na lugha zao ni jamaa za Kirundi na Kinyarwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakakaa Benaco. Mahindi ya mgao yakabadilishwa kwa ndizi na muhogo wa wenyeji. Mwandishi atafutaye chakula cha asili tu atayaruka mahindi hayo. Akifanya hivyo, ameiruka historia ya jiko lenyewe.

Mfano wa uandishi ulio bora unapatikana katika ziwa hilohilo, kisiwani Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1980. Humo pombe ya ndizi haisifiwi kwa utamu wake peke yake. Myombekere adaiwa pombe hiyo na wakwe zake ili arudishiwe mkewe Bugonoka, na msomaji huonyeshwa kazi, deni na heshima zilizomo ndani ya mtungi. Mwandishi wa mwongozo aliyejifunza hapo angeuliza: ni nani aliyelima, na ni nani anayestahili kupewa kwanza?

Yumkini itajibiwa kwamba msafiri ana siku chache, na hana budi kuchagua. Jibu hilo ni la haki. Lakini na achague majira na siku ya gulio kabla ya kuchagua mji, kwa maana chakula hakikai kikimngoja. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia Kagera katika miaka ya 2000, na wakulima wengi wakalazimika kung'oa migomba yao. Kitabu kilichosifu shamba la jana kingempeleka msomaji penye visiki.

Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Vitabu vya miji na ladha humwondoa msomaji siku ya pili, na kwa hiyo Ngara na Biharamulo hazimo.