Kilichochaguliwa na Kilichoachwa: Uhakiki wa Ziara za Mgeni Kisiwani Unguja

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga waliosema hivyo walimkusudia mgeni mmoja, abishaye hodi, akakaribishwa maji na mkeka, na kwa baraka ya ujio wake watoto wa nyumba wakala wali siku ambayo wangekula muhogo. Leo Unguja mgeni haji peke yake, wala habishi hodi. Anashuka uwanja wa ndege na makundi kwa makundi, na kabla hajafika tayari amekwisha kuchaguliwa atakayoyaona. Kwamba mwenyeji apone kwa ujio huo ni jambo linalozungumzwa sana. Linalozungumzwa kidogo ni hili: huyo mgeni huonyeshwa nini, na aliyechagua alitumia kipimo gani?

Orodha ya ziara ni maandishi kama maandishi mengine, na yafaa isomwe hivyo. Inafanana zaidi na diwani. Mkusanyaji wa diwani hutia shairi hili, huacha lile, hutanguliza moja na kuchelewesha jingine. Na msomaji asiyejua mashairi yaliyoachwa hudhani kwamba mshairi ndiye huyo, basi. Ndivyo ilivyo kwa mgeni wa siku nne. Alichoonyeshwa ndicho kisiwa chenyewe, na ndicho atakachokisimulia kwao.

Diwani ya Unguja imekuwa na mpangilio mmoja kwa miaka mingi. Mji Mkongwe asubuhi, kisiwa cha Changuu na kobe wake alasiri. Kesho mashamba ya viungo. Keshokutwa msitu wa Jozani na pomboo wa Kizimkazi. Kisha Nungwi au Kendwa, kuogelea na kutazama jua likitua. Uchaguzi huu una sifa zake, na si haki kuzificha. Kisiwa ni kidogo, urefu wake haufiki kilomita 100, na mpango huu humzungusha mgeni mjini, shamba, msituni na pwani bila ya kumchosha. Unalisha nyumba nyingi: za manahodha, za wapishi, za vijana wanaokwea minazi mbele ya wageni kwa wimbo na mbwembwe. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2000, na hakuna mwenye akili atakayeuondoa katika orodha. Kasoro ya diwani hii haimo sana katika yaliyotiwa. Imo katika namna yanavyosomwa, na katika yanayopitwa njiani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kizimkazi. Kila asubuhi magari huteremka kusini kuwakimbilia pomboo. Hapo hapo Dimbani, kando ya njia, upo msikiti wenye paa la bati ambao kwa nje hauna la kumsimamisha mpita njia. Ndani yake, ukutani upande wa kibla, mna maandishi ya kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale ni miongoni mwa ya kale kabisa yenye tarehe katika mwambao wote wa Afrika Mashariki. Watu wa pwani walikuwa wakichonga herufi kwa ufundi huo karne kadhaa kabla ya jahazi la Mreno kuonekana upeoni. Kwa mtu apendaye maneno, hakuna kivutio Unguja kinachoushinda ukuta huo. Na mgeni anaweza kuuona, kwa idhini ya wenyewe, kwa mavazi ya staha, na nje ya nyakati za sala. Lakini katika orodha nyingi msikiti huu, ukitajwa, hutajwa kama nyongeza ya dakika kumi, kwa sharti kwamba pomboo wamechelewa.

Na hao pomboo wenyewe wasomwe kwa uadilifu. Hadi katikati ya miaka ya 1990 wavuvi wa kusini waliwawinda ili kupata chambo cha papa. Ni utalii uliomfanya pomboo hai awe na thamani kuliko pomboo aliyekatwa vipande. Hilo ni jema, na wakosoaji wa utalii huwa wepesi wa kulisahau. Lakini jema limezaa karaha yake. Boti kumi humzingira mnyama mmoja, manahodha wakashindana kumkata njia, wageni wakarukia maji juu ya mgongo wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu pomboo wa huko ulionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwapo wanyama hao hupumzika kidogo na kuhangaika zaidi. Mtu hahitaji hata huo utafiti. Akae ndani ya boti mara moja, atazame. Anayetaka kuwaona awaone kwa mbali, injini ikiwa imetulia, na aridhike ikiwa siku hiyo hawakuja. Nahodha atakayeambiwa hivyo na wageni wake mwenyewe atashukuru, kwani yeye hukimbiza kwa kudhani kwamba ndicho alicholipwa.

Jambo la pili ni magofu. Fasihi ya Kiswahili ina mwalimu mkubwa wa kutazama magofu: Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeyatazama majumba yaliyokufa ya Pate, akauhutubia moyo wake mwenyewe katika Al-Inkishafi. Mshairi yule hakuuliza jumba lina nguzo ngapi. Aliuliza wako wapi waliokaa, na wewe utazamaye umejiandaaje. Sasa mgeni afikishwe Maruhubi, kaskazini kidogo ya mji, kwenye kasri lililojengwa na Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880 na likateketea kwa moto mwaka 1899. Nguzo zimebaki, na hamamu, na majani. Maelezo yanayotolewa hapo aghalabu ni hesabu ya masuria: idadi hutajwa, wageni hucheka, picha hupigwa. Wanawake wale hawana majina, hawana nchi walikotoka, hawana neno. Wamekuwa tarakimu ya kuchangamshia safari.

Na dawa ya maradhi hayo haiko mbali. Njia hiyo hiyo ya kaskazini ipo Mtoni, kasri la Sayyid Said, ambako alizaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Mwanamke huyu, aliyejulikana baadaye Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo wanawake wa kasri wana majina, wivu, mapishi, maradhi na misiba. Kitabu chake nacho kina upofu wake, hasa anapowasemea watumwa kwa ulimi wa binti wa bwana wao. Lakini kinamfundisha msomaji kwamba nyumba ni watu. Mwongozaji aliyekisoma hatakuwa na haja ya kuhesabu masuria. Atakuwa na hadithi ya kweli ya kusimulia, na msikilizaji wake atasimama mbele ya ukuta ule akiwa kimya.

Ukweli ndio mzani wa tatu, na hapa uzembe una madhara zaidi. Changuu huuzwa kwa jina la kisiwa cha gereza. Gereza lilijengwa kweli, mwishoni mwa karne ya 19, lakini lilitumika kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza, si kuwafunga wahalifu. Kobe nao walitoka Ushelisheli. Habari hizi za kweli si chache wala si baridi: kisiwa cha watu waliosubiri kujua kama wataruhusiwa kuingia mjini au la ni habari ya kumgusa msafiri wa leo kuliko minyororo ya kubuni. Zito zaidi ni Mkunazini. Soko la watumwa lilikuwapo hapo, nalo lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likasimama mahali pake. Lakini vyumba vya chini ambavyo mgeni huteremshwa na kuambiwa kwamba watumwa waliwekwa humo, viko chini ya jengo lililojengwa na misheni kuwa hospitali, baada ya soko kwisha kufungwa. Wanahistoria wamelisema jambo hili, na bado ngazi zile hushukwa kila siku. Msiba wa utumwa hauhitaji pambo. Anayeutia chumvi humpa mkanushaji silaha, kwani siku uongo mdogo utakapofichuka, ukweli mkubwa nao utatiliwa shaka. Mahali pale panatosha kwa kuwa palikuwa soko, na watu wakauzwa.

Baada ya nyumba na magofu, bahari. Michezo ya maji ndiyo inayowaleta wengi, na hapa orodha hukosea kwa kulisahau jambo ambalo kila mtoto wa pwani hulijua: bahari ina ratiba yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani na Bwejuu, maji hukimbia mpaka karibu na mwamba, na aliyelipia kuogelea saa ya maji kupwa hukuta mchanga, mashimo ya kaa na wanawake wenye mwani. Nungwi na Kendwa hapapwi hivyo, na ndiyo maana muogeleaji hupelekwa huko. Lakini anayekuja mashariki akayajua maji yake hupata lililo bora zaidi: kutembea juu ya sakafu ya bahari, akaona nyota, majongoo na chaza katika vidimbwi, kisha arudi mbele ya maji yanayojaa. Vivyo hivyo kwa pepo. Kaskazi, kuanzia Disemba, ni ya joto. Kusi, kuanzia Juni, ni ya baridi na upepo mkali. Katikati hupita masika, ambayo si wakati wa kupanga mbizi. Mtu akichagua mchezo kabla ya kuuliza upepo na mwezi ni kama atungaye kabla ya kujua bahari ya shairi lake.

Wanawake wa mwani nao wametiwa katika picha bila ya kutiwa katika hadithi. Kilimo hicho kilishika kasi tangu mwaka 1989, na kiliweka fedha mikononi mwa wanawake ambao awali hawakuwa na pato lao wenyewe. Bei yake ni ndogo, na maji yaliyozidi joto yameua aina iliyo na thamani zaidi. Mgeni anayepita juu ya vigingi vyao kwa ubao na tiara lake hajui kwamba anakata kamba za shamba la mtu. Aambiwe. Na akitaka kupiga picha, atoe salamu kwanza, aombe.

Yapo mema ambayo orodha imeyachagua vizuri, na yasifiwe. Jozani, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, humwonyesha mgeni kima punju, mnyama ambaye asili yake haipatikani popote duniani ila hapa, kisha humtembeza juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Vijiji jirani hupata sehemu ya viingilio, kwa kuwa kima hula mazao yao. Chumbe, iliyohifadhiwa tangu 1994, iliwageuza waliokuwa wavuvi wakawa walinzi wa matumbawe na walimu wa wageni. Sehemu hizi mbili zina jambo moja linalozipambanua: anayeeleza ni mtu wa mahali, naye anasema analolijua.

Lililoachwa kabisa ni neno. Mgeni anaweza kukaa Unguja wiki nzima asisikie ubeti. Akivukishwa Tumbatu, ikiwa atavukishwa, huonyeshwa magofu ya Makutani. Haambiwi kwamba kisiwa hicho ndiko alikozaliwa Haji Gora Haji mwaka 1933, aliyeishi kwa bahari na kazi za mikono, akatoa diwani ya Kimbunga mwaka 1994, akafariki mwaka 2021 akiwa amewafundisha wasomi Kiswahili cha visiwani. Akipita Fumba haambiwi kwamba hapo ndipo alipotoka Siti binti Saad, aliyeuza vyungu kabla sauti yake haijafika Bombay kwenye santuri mwaka 1928. Akipelekwa Makunduchi mwezi wa Julai kwenye Mwaka Kogwa, huoneshwa wanaume wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa. Nyimbo za wanawake, ambazo humo hutolewa mafumbo na kero za mwaka mzima, humpita masikioni bila ya mfasiri.

Itasemwa kwamba mgeni amekuja kupumzika, si kusoma darasa. Ana siku nne, na anataka jua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haidai orodha iongezwe, inadai ipunguzwe. Siku moja Kizimkazi yenye msikiti, pomboo wa mbali na chakula kwa mwenyeji ni pumziko kubwa kuliko siku moja ya vituo sita. Na mwenyeji naye ana lake hapa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, iliyosimama tangu 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Jengo lililopigwa picha kuliko yote mjini lilikuwa likioza mbele ya kamera zote hizo. Kutazamwa, basi, si kutunzwa.

Hapo ndipo lilipo jukumu la wenye visiwa. Wageni wataendelea kuja, na orodha itaendelea kuandikwa. Ikiwa wanaojua maandishi ya Dimbani, mawimbi ya bamvua na tungo za Tumbatu hawatashika kalamu, itaandikwa na asiyejua, na watoto wa kisiwa wanaojifunza kazi ya kuongoza wageni wataikariri kama ilivyo. Hao ndio wasomaji wa kwanza wa diwani hiyo, na ndio watakaobaki nayo baada ya mgeni kupanda ndege.