Kasi ya Picha na Nguvu ya Ishara katika Kupima Ubongo

Mradi wa Konektomu ya Binadamu, uliokusudia kuwapima vijana 1,200 kwa sumaku ya Tesla 3 mjini St. Louis, Marekani, ulipitisha uamuzi ambao wengi wameuiga pasipo kuupima: ubongo mzima ulipigwa picha za matabaka 72 kila sekunde 0.72, na kila vokseli, yaani chembe ya picha hizo, ilikuwa na upande wa milimita 2, ilhali desturi iliyozoeleka ilikuwa milimita 3 na sekunde 2 au 3.

Ishara inayotafutwa ni dhaifu mno. Tangu Seiji Ogawa na wenzake walipobainisha, mwaka 1990, kwamba damu iliyopungukiwa na oksijeni huuvuruga uga wa sumaku ulio jirani nayo, kinachopimwa si fikra yenyewe bali taathira ya damu inayoifuata kazi ya neva, nayo aghalabu haizidi asilimia chache za ishara yote. Ukipunguza upande wa vokseli kutoka milimita 3 hadi 2, ujazo wake hushuka kutoka milimita za ujazo 27 hadi 8, na ishara hushuka kwa kadiri iyo hiyo, ikabaki chini ya thuluthi ya ilivyokuwa. Hasara hiyo ni kamili pale kelele itokapo katika joto na vyombo. Bali kelele ya pumzi na ya mapigo ya moyo hupungua pamoja na ishara, na hapo hasara huwa nafuu.

Kasi ilipatikana kwa kuamsha matabaka 8 kwa mpigo mmoja wa redio, kisha kuyatenganisha kwa hesabu, maadamu kila moja ya antena 32 zilizokizunguka kichwa huyapokea kwa namna yake. Utenganishaji huo huongeza kelele, hasa katikati ya ubongo, mbali na antena. Na kwa kuwa protoni, chembe za mwilini zitoazo ishara, hazikupewa muda wa kutulia baada ya kila mpigo, pembe ambayo mpigo huzipindua ilibidi ishushwe hadi digrii 52. Hata hivyo naiona biashara hii kuwa ya haki: vipimo 1,200 vya ubongo wa mtu mmoja vilipatikana kabla ya dakika 15 kutimia, na mwendo wa pumzi, ambao kipimo cha sekunde 3 huuchanganya na ishara, ukaonekana dhahiri na kuweza kuondolewa. Mwenye antena chache asiiige kasi hii.

Muda wa mwangwi, yaani ule wa kusubiri baada ya mpigo kabla ya kuipokea ishara, uliwekwa milisekunde 33.1, karibu na ule unaofaa kuipima taathira ya damu katika sumaku ya Tesla 3. Lakini juu ya nafasi za hewa zilizo ndani ya pua, ambako hewa hukaribiana na ubongo, ishara hufifia upesi zaidi, na sehemu ya mbele iliyo juu ya macho huweza kutoweka pichani. Huko vokseli ndogo, iliyoonekana kuwa hasara, huwa faida, kwa kuwa ndani yake uga wa sumaku hubadilika kidogo tu na protoni hukawia kupoteza mwafaka wao.