Kamera Yenye Masikio

Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alikuwa na kila anachohitaji mwandishi ila kimoja, nacho ndicho kilichomfanya Siti awe Siti: sauti. Aliweza kutuonyesha binti wa Fumba aliyetembeza vyungu akiviuza, na safari ya Bombay ya mwaka 1928 iliyoitia sauti ile kwenye santuri. Lakini ukurasa hauimbi. Msomaji anakubali kwamba sauti ilikuwa tamu kwa kuwa anamwamini anayemsimulia. Filamu ya maisha ya mtunzi wa muziki haina udhuru huo. Inaweza kuuita muziki wenyewe uje kutoa ushahidi, na isipouita, hakuna masimulizi yatakayoiokoa. Ndiyo maana nashikilia kwamba dokumentari ya mtunzi, awe wa Vienna au wa Unguja, ni kazi ya sikio kabla ya kuwa kazi ya jicho, na kwamba mitaa ya Eastlands, Nairobi, ni mahali pazuri pa kuupimia ufundi huu.

Kwa nini Eastlands? Kwanza, kwa sababu huku tumezoea filamu yenye msemaji. Kwenye vibanda vya video mfalme ni yule anayesimulia juu ya picha. DJ Afro amejipatia jina Kenya nzima kwa kuwafanya wapiganaji wa sinema za ng'ambo wataniane kama majirani zetu. Huo ni usanii, tena mgumu, na siubezi. Ila filamu ya mtunzi humdai msimulizi adabu nyingine, ya kujua wakati wa kunyamaza. Mwaka 1962 Ken Russell aliitengenezea BBC filamu ya maisha ya mtunzi Edward Elgar. Wakubwa wake hawakutaka waigizaji wamlishe maneno mtu aliyeishi kweli, basi waigizaji wakaonekana kwa mbali tu, bila kutamka neno. Sharti hilo lingeweza kuiua filamu, kumbe ndilo lililoipa uhai. Mtoto anapomkimbiza farasi wake mdogo kwenye vilima vya Malvern, na nyuzi za okestra zikikimbia naye, hakuna anayetuambia kwamba vilima vile vilimlea mtunzi. Tunavisikia. Phil Grabsky, katika In Search of Beethoven ya mwaka 2009, alishika njia nyingine: aliwaacha wapiga muziki waeleze, vidole vikiwa juu ya kinanda, kwa nini noti fulani imekaa pale ilipo. Ni kama fundi wa Kariobangi Light Industries anavyopitisha kidole kwenye mshono wa chuma akakuambia kama aliyeuchomelea alikuwa na haraka. Maelezo ya namna hiyo hayapatikani kwa mtu asiyeijua kazi.

Iliyo karibu nasi zaidi, na ambayo kwangu mimi inazishinda zote mbili, ni Kinshasa Symphony ya Claus Wischmann na Martin Baer, ya mwaka 2010. Si wasifu wa Beethoven, lakini inamwelewa kuliko nyingi zilizobeba jina lake. Inaifuata okestra ya waumini wa Kanisa la Kimbangu, aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994, ikijiandaa kuipiga Simfonia ya Tisa. Wanakwaya wanahangaika na Kijerumani kinachowakwama kooni. Kuna anayechonga ala kwa mikono yake kwa sababu za kununua hazipo. Kisha, wakiwa katika mwendo wa mwisho wa simfonia, stima inapotea, na mpigaji mmoja ambaye pia ni fundi wa umeme anaiacha ala yake kwenda kushughulika na nyaya. Mwongozaji mwingine angeongeza hapo sauti ya huzuni na takwimu za umaskini. Hawa wawili walielewa kwamba giza lile limeukatiza muziki, na mtazamaji anayeusubiri uendelee tayari ameshakuwa msikilizaji.

Sasa tuje Korogocho, sababu yangu ya pili ya kuichagua Eastlands. Tangu mwaka 2008 mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, umekuwa ukiwafundisha watoto muziki wa okestra kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane, jirani na jaa la taka la Dandora. Kamera yoyote ifikayo hapo hukutana na kishawishi kilekile. Moshi upo, vilima vya taka vipo, na mbele yake mtoto ameshika fidla. Picha inajipiga yenyewe. Mtazamaji wa mbali analengwa na machozi, anazima runinga, anaenda kulala, na hajasikia kitu. Mtoto huyo upinde wake umenyooka? Anapiga sawasawa au ameshuka kidogo chini ya sauti? Hakuna aliyeuliza, kwani kumwuliza hivyo ni kumchukua kuwa mwanamuziki, na hilo kamera haikulijia. Jaa ni kwa Korogocho kile ambacho uziwi ni kwa Beethoven: jambo la kweli, kubwa, lisilofichika, na njia ya mkato ya kuikwepa kazi yenyewe. Kuna filamu nyingi za Beethoven kiziwi. Daftari zake zilizojaa mistari iliyofutwa na kuandikwa upya ndizo zinazoonyesha alivyotafuta, akakosa, akatafuta tena.

Nitaambiwa kwamba kuuficha umaskini ni uongo pia. Kweli, ila sijasema ufichwe. Stima ya Kinshasa haikufichwa. Iliingia kwa mlango wa kazi. Vivyo hivyo moshi wa Dandora una mlango wake, nao ni kifua cha mtoto anayepuliza tarumbeta. Mwonyeshe akivuta pumzi kwa ajili ya noti ndefu, na hutahitaji kumweleza yeyote hewa ya pale ikoje.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wasifu wa watunzi umejaa porojo. Hilo nalikubali. Beethoven alipoziwika, wageni waliandika maneno yao kwenye vitabu vya mazungumzo, naye mara nyingi akajibu kwa mdomo. Kilichobaki basi ni nusu ya mazungumzo. Karani wake, Anton Schindler, baada ya bwana kufa akachomeka humo maneno yake mwenyewe ili aonekane rafiki wa ndani, na uongo huo ukadumu hadi wataalamu walipoufichua katika miaka ya 1970. Filamu huweza kuurithi uongo kama huo kirahisi. Lakini inaweza pia kuuweka ukurasa mbele ya macho yetu, tukaona mwandiko, tukaona mahali pasipo na jibu, na kuuacha muziki uliotungwa mwaka huohuo uzungumze.

Na wetu je? Anayeuliza hivyo Eastlands ana haki. Michael Wanguhu alishaonyesha katika Hip Hop Colony ya mwaka 2006 kwamba muziki wa vijana wa Kenya unastahili kamera makini, na Kalamashaka wa Dandora ni watunzi kwa maana kamili ya neno. Ila kuna kazi nyingine iliyo karibu zaidi, inayoimbwa shuleni kuanzia Jericho hadi Umoja, watoto wamesimama wima bendera ikipandishwa. Wimbo wa taifa ulitengenezwa mwaka 1963 na watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, kutokana na wimbo wa kumbembelezea mtoto wa Wapokomo wa Tana River. Bembelezi hiyo ilipitia mikono mitano ndipo ikawa wimbo wa kusimamiwa na nchi nzima, na kila badiliko, kila sauti iliyoongezwa chini ya ile ya mama, linaweza kupigwa na kusikika. Mwenye kamera na aanzie hapo. Amtafute kwanza mama wa Tana River anayeujua ule wimbo, amwache auimbe mpaka mwisho, na asitie neno lolote kabla hajamaliza.