Kikombe cha Mwisho Kwenye Chupa

Mama hakuwahi kuisifu chai kwa kikombe cha kwanza. Kwetu Tanga alimmiminia baba, kisha wageni, kisha sisi watoto kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba, na kilichobaki kwenye chupa ndicho kilichokuwa chake. Akishapiga funda moja ndipo anapotoa hukumu: "Imesimama," au "Imelala." Miaka yote nilidhani ni huruma ya mama tu, kujiweka nyuma. Nilipoanza kununua majani kwa pesa yangu mwenyewe ndipo nikatambua kwamba alikuwa akipima.

Kupima huanzia dukani. Mwaga kijiko kimoja cha majani kwenye karatasi nyeupe. Mengi tunayokunywa huku kwetu hupitishwa kwenye roli zenye meno zinazoyakata, kuyachana na kuyaviringisha, ndiyo maana yanakuwa punje punje. Punje nzuri ni nyeusi, zina mng'ao na zinakaribiana ukubwa. Ukiona nyuzi nyekundu nyingi, ujue vikonyo na majani magumu yameingia. Mchumaji hakuishia kwenye majani mawili na chipukizi. Herufi za BP1, PF1, PD na D1 zisikutishe. Zinaeleza ukubwa wa punje baada ya kuchekechwa, basi. BP1 ni punje kubwa, D1 ni vumbi, na vumbi la majani mazuri hulishinda pande la majani mabovu. Vumbi hutoa rangi upesi, kwa hiyo linamfaa anayepikia shughuli.

Halafu bana punje kwa kucha. Ikivunjika, ni kavu. Ikibonyea, imevuta unyevu, na pwani hilo ni ugonjwa wa kila siku. Majani pia hudaka harufu: yaliyopangwa jirani na sabuni au dagaa yaache hapo hapo, hata yakishuka bei.

Sasa onja, na uonje bila maziwa. Waonjaji wa kazi hufuata kipimo cha kimataifa cha gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, wakafunika kwa dakika 6, kisha wakafyonza kwa kelele ambayo mezani kwetu ingekuponza. Wewe pia fyonza. Hewa hupandisha harufu puani. Tafuta rangi ya shaba inayong'aa, isiyo na weusi wa matope. Tafuta ukakasi, ule unaoukamata ulimi kisha ukauachia. Wengi huuchanganya na uchungu, lakini uchungu hauachii. Chai isiyo na ukakasi kabisa ni chapwa, na hakuna sukari itakayoiokoa.

Kisha iache ipoe. Ikifanya ukungu, usiimwage ukidhani vyombo vilikuwa vichafu. Kafeini na viini vya rangi vimeshikana kwa sababu chai ina nguvu. Mimi nikiuona ukungu huo hurudi dukani kuongeza nusu kilo.

Maziwa ni mtihani wa pili. Protini zake hushika ule ukakasi na kuulainisha, kwa hiyo majani dhaifu yakitiwa maziwa hupotea yote, ukabaki na maziwa yenye rangi. Mama alichemsha majani kwenye maji kwanza, yakakolea, ndipo maziwa yakafuata. Tangawizi nayo aliitia mapema kwenye maji. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na kuchemka hukiua. Nimewaona wapishi wakimlaumu muuza maziwa bure. Kuhusu iliki, punje mbili tatu zilizopondwa na maganda yake zinatosha sufuria ya watu sita. Chai inayonukia iliki tangu barazani naishuku: kuna kitu inakificha.

Baada ya hapo ndipo inapokuja chupa, na hapa mama aliwapita waonjaji wote. Wao huonja kikombe kilichoiva sasa hivi. Chai ya familia haina bahati hiyo. Inapikwa alfajiri, baba anakunywa kabla ya kutoka, mmoja anachelewa kuamka, jirani anapita na habari zake, mahamri yanakwisha na kuletwa mengine. Saa mbili zinapita. Majani yakiachwa ndani, hukamuka mpaka uchungu, kwa hiyo chuja yote kabla hujaimimina kwenye chupa. Sukari kila mtu ajitilie kikombeni. Na chupa iwe imesuuzwa kwa maji ya moto, isibaki na harufu ya jana. Ukifanya haya yote na kikombe cha mwisho bado kinaukamata ulimi, majani hayo ni mazuri.

Siku hizi mimi ndiye ninayemimina. Kwa heshima nampa mama kikombe cha kwanza. Anakipokea, ananishukuru, anakisogeza mbele ya mjukuu, kisha anatulia akiitazama chupa.